Diski Iliyotundikwa Mpungani

14 Septemba

Mvua imeanza kweli. Élodie, binti yangu, ameniletea daftari la shule la mistari akasema, "Mama, kama hautalala, andika. Usikae tu unasikiliza mabati." Daktari amemwambia jambo ambalo mimi nimeambiwa nusu yake. Lakini miguu yangu imevimba hadi magotini, na mtu aliyefundisha fizikia tangu ujana wake anajua pampu iliyochoka inavyofanya kazi. Basi nitaandika msimu huu wa mvua. Ukiisha kabla yangu, nitashukuru.

Blausi ya kazi ya Élodie imekuwa ya njano kabisa. Muuguzi hawezi kwenda kituo cha afya namna hiyo. Nimemwambia sabuni ya hapa Mubi haifai. Alikuwa amechelewa, akatoka.

16 Septemba

Mvua. Sombe, majani ya muhogo, bila chumvi.

20 Septemba

Katembo amekuja kukaa kitandani kwangu kama mtu mwenye jino bovu. Ni mfanyabiashara kutoka Butembo, duka lake limegusana na uzio wetu, na nyuma ya duka mke wake Anastasie analima mpunga ninaouona kupitia dirisha langu. Mwaka huu alinunua masanduku ya karatasi za ofisi ya zamani ya madini, na chini ya karatasi alikuta mchezo wa kompyuta wa kujenga reli, diski yake ikiwa ndani ya boksi kubwa la kadibodi, kama zilivyouzwa zamani. Huko Goma kuna mzungu anayekusanya michezo ya namna hiyo, lakini orijinali tu. Kopi hataki hata kuiona.

Diski ilikuwa na mikwaruzo. Katembo akampelekea Dusabimana aisafishe. Dusabimana ni fundi wa simu na redio, kijana kutoka Masisi, anazungumza Kinyarwanda nyumbani kwake. Ana mashine aliyoitengeneza mwenyewe kwa mota ya feni, anapaka dawa ya meno na kusugua diski mpaka zinacheza tena. Hii ilirudi imepoteza mng'ao wake, na mchezo unakwama katikati.

"Amenibadilishia, Mama," Katembo alisema. "Yangu ya kweli ameificha, mimi amenipa kopi. Kesho tunakaa barza. Papa Grégoire anasema wewe njo utaamua."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tangu nihamie kwa Élodie hakuna mtu aliyeniuliza kitu nisichokuwa nimeulizwa na daktari. Kabla ya lava ya volkano ya 2002, mimi na marehemu Jérôme tulikuwa na duka la kaseti na diski Goma. Makatoni yalitoka Dubai, orijinali na kopi zimechanganywa makusudi, na kazi ya kuzitenga ilikuwa yangu kila jioni nikitoka shuleni. Bado nina lupu yangu, ile lenzi ndogo inayobanwa jichoni.

21 Septemba

Walinibeba juu ya kiti cha plastiki, wanaume wanne, kama bibi arusi wa zamani. Barza, baraza la kusikiliza kesi, ilikuwa kwa Grégoire, chefu wa kata, ambaye pia hununua dhahabu kutoka machimbo ya Omate. Kabla sijapewa diski aliiweka kwenye mizani yake ndogo, upande wa pili akapanga vijiti vya kiberiti, kama anavyofanya na wachimbaji.

"Kitu ya kweli iko nzito," alisema. "Dhahabu iko vile, na hii itakuwa vile."

Dusabimana alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. "Papa Grégoire, na kama kopi iko nzito kuliko orijinali?"

"Wewe ngoja. Bado hatujafika kwako."

Watu walicheka. Vijiti viliongezwa, vikapunguzwa, mwishowe Grégoire akainua mikono na mizani ikarudi ndani ya kitambaa chake.

Niliwaeleza kama darasa. Uso wa diski, wenye picha na jina, si ushahidi, maana mitambo ya Dubai ilichapa nyuso nzuri kuliko zenyewe. Mtu aangalie mgongo. Diski ya kiwandani imegongwa kwa muhuri kama sarafu, mgongo wake ni mweupe wa fedha, kama bati jipya lenye maji. Ya kuchomwa kwenye kompyuta ina dawa ndani yake, na dawa haifichiki: utaona ukijani, au ubuluu, au unjano. Kisha ipo pete ya katikati, karibu na tundu. Kiwanda huacha pale herufi na namba ndogo sana. Kwenye kopi za kuchoma hazipo.

Nilibana lupu kwenye jicho la kulia na kufumba la kushoto, kama siku zote. Mgongo ulikuwa wa njano, unaelekea ukijani. Nikatazama pete.

"Mama Directrice," Dusabimana alisema, kwa cheo changu cha zamani cha mkuu wa shule, "maandishi iko pale katikati. Niliisoma mbele ya kusugua. Iko kadogo sana. Uangalie polepole."

"Nimeangalia. Hakuna kitu."

"Ao uangalie na jicho ingine."

"Kijana, kazi hii nimeianza wewe ukitambaa."

Walicheka tena, zaidi ya mara ya kwanza. Nikasema ni kopi, imechomwa. Grégoire alilirudia neno langu kwa sauti, na likirudiwa hivyo barzani limekuwa la kata nzima. Laetitia, mke wa Dusabimana, mwenye mimba kubwa, alikuwa ameketi nyuma na wanawake. Aliinuka akaondoka bila kumtazama mtu. Dusabimana alitikisa kichwa kidogo, akavaa kofia yake.

23 Septemba

Anastasie ameitundika ile diski mpungani kwa uzi, ifukuze ndege. "Angalau hii kazi itafanya," ameniambia kupitia dirishani. Inazunguka mbele yangu kutwa nzima. Mng'ao wake wa njano unapita ukutani.

Meza ya Dusabimana iko ng'ambo ya barabara. Leo hakuna mteja aliyesimama pale.

30 Septemba

Nimemwambia Élodie tena habari ya blausi. "Mama, nimefua na Javel," akasema. Javel ya Mubi, basi, dawa ya kung'arisha nguo, nayo wameichanganya na maji. Hata maziwa ya unga yanakuja na rangi ya chai.

5 Oktoba

Dusabimana ameondoka. Amepanda lori la kwenda Masisi kwa dada yake, na mashine yake ndani ya gunia. Watoto walikuwa wakimwimbia "kopi, kopi" barabarani, na wiki iliyopita mtu alimrudishia redio aliyoitengeneza vizuri akimwambia amebadilisha spika. Laetitia amebaki. Lori lile halibebi mwanamke aliye karibu kujifungua.

Élodie alisema wakati wa kula, "Alinitengenezea mashine ya presha ya kituo. Hakutaka kitu."

Nilisema mwizi pia anaweza kuwa fundi mzuri. Hakuna aliyeniomba niseme.

12 Oktoba

Mvua, kikohozi. Mto wangu umeongezwa.

19 Oktoba

Lazima niandike taratibu.

Moyo umenikataza kulala chali. Tangu jana Élodie ananilaza ubavu wa kulia, uso kuelekea dirishani, na jicho la kulia linazama ndani ya mto. Asubuhi hii mvua ilikatika kidogo na jua likapiga mpungani. Diski ilizunguka na kuwaka. Ilikuwa nyeupe.

Nilidhani ni jua. Nikangoja izunguke tena. Nyeupe, kama kisu. Nikainua kichwa, macho yote mawili yakiwa wazi, na mng'ao ukapungua weupe. Nikafumba la kushoto. Njano. Nikafumba la kulia. Nyeupe.

Élodie aliingia na dawa, na blausi yake nayo ilikuwa mbili: ya njano upande mmoja, nyeupe upande mwingine. Nyeupe kabisa, imepigwa pasi. Nimemgombeza mtoto wangu tangu mvua zianze kwa uchafu uliokuwa ndani ya jicho langu.

Nilimwomba anitazame. Alichukua tochi ya simu, akanishika kidevu kama mimi nilivyomshika zamani akiwa na surua. "Mama, ya kulia iko na mtoto wa jicho. Ameiva. Haukuona kama unaona vibaya?"

"Nilidhani ni sabuni," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa kitandani. Nami nilicheka, kwa muda.

20 Oktoba

Kosa la jicho lisingekuwa dhambi. Mungu ndiye aliyeliwekea ukungu. Lakini mimi nilitoa ushahidi wa mambo mawili, na la pili halikuwa kosa.

Nilipotazama pete ya katikati sikuona kwamba haina herufi. Sikuona kitu chochote. Ilikuwa kama kutazama ndani ya uji. Mtu mwaminifu angesema, sioni, leteni taa, mpeni mwingine. Nikasema "Hakuna kitu," na kwa sauti ile niliyotumia darasani. Maishani mwangu kama mwalimu sikuwahi kusema "sijui" mbele ya watu, na niliona si siku ya kuanza, nikiwa nimebebwa kwenye kiti.

Na lipo la tatu, ambalo ndilo linaniamsha. Kijana alinipa dawa ya kosa langu palepale: jicho lingine. Kama ni Katembo aliyekuwa ameshtakiwa, ningemsikiliza. Ningebadili jicho hata kwa heshima tu. Lakini aliyesema ni mtu wa Masisi mwenye lafudhi ile, na ndani yangu lilikuwepo tayari jibu lililokuwa likimngojea, kabla ya diski, kabla ya lupu. Nimefundisha watoto wa makabila yote ya Kivu na kila mwaka niliwaambia wao ni sawa. Niliamini nayasema kwa moyo.

22 Oktoba

Nimemwambia Élodie yote, hata la tatu. Alikuwa akinifunga miguu. Hakuacha kufunga.

"Sasa unataka nini, Mama?"

"Niliondoe neno langu palepale nilipolisema."

"Na yeye hayuko."

Ndiyo shida. Hapa kwetu neno la barza huondolewa barzani, na huyohuyo aliyelisema, mbele ya huyohuyo aliyeumizwa. Lisipoondolewa hivyo linabaki, hata kama kila mtu anajua. Na Élodie haniambii nina muda gani. Namba ya Dusabimana haipatikani. Mvua imeangusha mnara.

28 Oktoba

Nilimwita Katembo. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Mama, ile mambo iliisha. Muzungu alishapata ingine kwa muntu wa Bukavu. Ukifungua tena, watu watasema mimi njo nilimufukuza."

"Ulimfukuza, Katembo. Mimi nilikupa fimbo."

"Wewe uko mugonjwa. Hakuna mwenye atakuuliza."

"Ndiyo maana nina haraka."

Aliondoka bila kuaga vizuri. Nikamwita Anastasie dirishani, nikamwomba aishushe ile diski aiweke mahali pakavu.

"Ndege banaiogopa, Mama. Nikiishusha, wewe njo utatoka kufukuza ndege?"

"Nitakohoa. Watakimbia."

Alicheka, akaenda kutundika kifuniko cha kopo la maziwa mahali pake. Aliniletea diski ikiwa imefungwa ndani ya kitenge, kama yai.

Picha ya usoni imebanduka. Jua na mvua vimekula ile ngozi ya fedha, na ukiiinua unaona mwanga kupita kama kwenye jani lililotafunwa. Haitacheza tena. Lakini pete ya katikati haina picha wala ngozi ya kuliwa. Ni plastiki tupu. Nilitumia jicho la kushoto. Lilikuwa na nguvu kidogo tu, lakini liliona kwamba kuna kitu, mstari wa vikwaruzo uliopangwa sawasawa. Kuvisoma sikuweza.

3 Novemba

Laetitia amejifungua mtoto wa kiume mikononi mwa Élodie, mvua ikipiga hata wakawa wanapigiana kelele ili wasikilizane. Amemwita Mbonigaba, jina la babu yake wa Masisi. Élodie alimweleza ninachotaka. Laetitia alisema, "Mama yako alete kwanza bwana yangu, kisha alete maneno."

Ana haki.

4 Novemba

Élodie amempa dereva wa lori ujumbe wa mdomo hadi Masisi. Nilitaka aandike, akasema barua itafika imelowa na hakuna atakayeisoma. Dereva alirudia maneno mbele yangu: mtoto ni mzima, mama yake ni mzima, yule bibi anasema alidanganya. Nilimwomba arudie la mwisho, nione kama anaweza kulisema bila aibu. Alilisema vizuri sana.

9 Novemba

Barabara imekatika. Malori yamelala kwenye matope.

15 Novemba

Bado. Nilishindwa kukaa leo. Élodie alinisomea zaburi, nikamwambia asome polepole kama mtu asiye na safari.

Katembo alikuja, akasimama mlangoni, akauliza kama barabara imefunguka. Nikamwambia hapana. Akabaki pale.

"Watoto wangu njo walikuwa wanamwimbia," alisema. "Ile ya kopi."

"Najua. Niliwasikia."

"Nilikuwa nawasikia na mimi."

Nilimwonyesha kiti. Alikaa mpaka taa ya duka lake ikawashwa.

19 Novemba

Wamevuta malori. Hakuna habari ya mtu wetu.

24 Novemba

Amekuja. Alishuka jana jioni kwenye pikipiki, matope hadi kifuani, akaenda kwanza kumwona mtoto. Leo asubuhi Grégoire ameita barza. Élodie hakutaka nitoke. Mapigo yangu hayampendezi. Nikamwambia anipe dawa ya leo na ya kesho pamoja. Akasema dawa haiko hivyo, Mama, kisha akaenda kutafuta wabebaji. Katembo alishika mguu wa kiti wa mbele.

Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Dusabimana alisimama palepale, kofia mkononi. Amekonda.

Nilisema hivi, na nimejitahidi kuyakumbuka kama yalivyotoka: "Mbele yenu nilisema diski hii ni kopi. Jicho langu la kulia limeharibika, linafanya kitu cheupe kuwa cha njano. Hilo sikulijua. Lakini nilisema pia pete haina herufi, na hilo nililijua. Nilijua kwamba sikuona kitu. Kijana huyu aliniambia nitumie jicho lingine, nikamdharau kwa sababu ya alikotoka. Neno langu naliondoa. Yeye hakubadilisha chochote."

Hakuna aliyecheka. Grégoire alikohoa. "Mama, wewe mwenyewe unasema jicho iko mbaya. Sasa tutajua je kama leo njo unaona?"

"Msiniamini mimi. Mwenye diski asome mwenyewe."

Nilimpa Katembo lupu. Ilimchukua muda kujifunza kuibana. Ilianguka mara mbili, na mtu nyuma akasema huyo anatafuta bei. Kisha akaishika, akaigeuza diski kuelekea mlango, na mdomo wake ukafunguka kidogo.

"Soma," Grégoire alisema.

"Iko herufi," Katembo alisema. "Iko na namba. Kadogo, kama mayai ya chawa. Zinazunguka." Akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine, akizungusha diski kwa vidole vyake vinene, na alipofika mwisho akarudi kwenye ya kwanza, akazisoma tena. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Akampa Grégoire diski. Grégoire akatazama. Ikapita mikononi, kila mtu akibana lupu, kila mtu akisema "njo vile, iko," hadi ikamfikia Dusabimana. Yeye hakuibana lupu. Aliishika tu, akaona mwanga ukipita kwenye matundu.

"Ilikuwa nzuri, hii," alisema.

Kisha akanigeukia. "Nilikuambia, Mama. Jicho ingine."

"Uliniambia."

"Basi."

Grégoire akamuuliza kama anapokea. Mvua ikaanza upya juu ya mabati na watu wakasogea ndani.

"Ya Mama naipokea," alisema. "Amekuja na miguu ile, amesema mwenyewe. Ya wengine bado. Wenye walikuwa wanacheka wanajijua."

Kasiksi, pombe ya ndizi, ililetwa. Tulikunywa kwenye kibuyu kimoja, yeye kwanza, kisha mimi. Nimekatazwa pombe. Élodie aliangalia ukutani mpaka nikamaliza.

25 Novemba

Sikuweza kuinuka. Kupitia dirishani nilimwona Katembo akivuka barabara mchana, watu wakimtazama, amebeba katoni ya diski zilizokwaruzika. Aliiweka juu ya meza ya Dusabimana. Wanawe walikuwa nyuma yake, wameinamisha vichwa. Sikusikia walichosema. Mazungumzo yalikuwa marefu.

2 Desemba

Mpunga umeiva. Ndege hawaogopi kifuniko cha maziwa. Anastasie anapiga kelele mwenyewe.

7 Desemba

Élodie anasema jicho linaweza kupasuliwa Goma. Tulitazamana, kisha akarudi kufunga miguu yangu. Blausi yake ilikuwa safi, nikamwambia.

11 Desemba

Kalamu ni nzito leo.

Dusabimana alikuja na mtoto mgongoni, amefungwa kitenge cha mama yake, mwanaume asiyejali watakachosema. Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Akatoa diski moja ya ile katoni ya Katembo, akanishikisha.

"Mama Directrice, hii iko orijinali ao kopi?"

Niliigeuza. Nilijua anachofanya, na yeye alijua kwamba najua. Macho yote mawili hayakunipa kitu, kivuli cha duara tu.

"Sijui," nikasema. "Sioni. Nisomee."

Alisogeza kiti karibu, akabana lupu yangu jichoni mwake, akaanza kunisomea.